Usukani kwanza, miwani baadaye: jibu kwa mwenye chumba cha gemu Arua

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina chumba cha gemu hapa Arua, si mbali na stendi ya mabasi, chenye PlayStation 4 nne. Vijana wanacheza mpira tu, shilingi 500 kila mmoja kwa mechi. Siku hizi wananiuliza mbona sina miwani ya VR, ile ya kufunika macho, kama wanayoiona TikTok, na wengine wanataka usukani wa gari. Nimeweka akiba kidogo, lakini naogopa kuitupa kwenye mtindo wa kupita. Hii teknolojia ya kumwingiza mchezaji ndani ya gemu ina thamani kweli, au ni mapambo? Wazazi nao wananilaumu kwamba nawaharibia watoto. Ningependa kujua kama kuna lolote wanalojifunza. Tena mpwa wangu anataka kuwa rubani, aende chuo cha Soroti. Naye nimfanyie nini?

JIBU: Kaka, salamu kutoka Kampala. Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Thamani ipo, tena ya kweli, ila haipo pale vijana wako wanapoitafuta. Wao wanaitafuta machoni. Mimi ambaye kazi yangu ni kufunga mitambo hii na kuitengeneza ikiharibika, naiona zaidi mikononi na miguuni: katika namna mtambo unavyomjibu mchezaji, upesi na bila kumdanganya. Kwa akiba yako, anza na usukani na pedali. Miwani ije baadaye, moja tu, kwa masharti nitakayokueleza.

Ushahidi wangu wa kwanza ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1929 Mmarekani aitwaye Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda huko Binghamton, New York, alichukua mifuko ya hewa na pampu za vinanda akaunda kisanduku chenye umbo la ndege. Kisanduku hicho kiliinama, kikageuka na kuyumba kwa kufuata mkono wa aliyekaa ndani. Mwanzoni watu walikiona kitu cha kuchezea, na baadhi yake viliuzwa kwenye viwanja vya burudani. Mambo yakabadilika mwaka 1934, jeshi la anga la Marekani lilipopewa kazi ya kusafirisha barua. Marubani wakawa wanaanguka na kufa, kwa sababu hawakuzoea kuruka usiku na kwenye mawingu kwa kutegemea mita tu, yaani vile vipimo vilivyo mbele ya rubani. Jeshi likaenda kununua mitambo ya Link, na ilipofika Vita Kuu ya Pili, mitambo hiyo ilikuwa imekuwa darasa la kawaida la marubani.

Sasa zingatia jambo hili: mtambo wa Link haukuwa na picha. Mwanafunzi alifungiwa kifuniko juu ya kichwa, hakuona nje hata kidogo. Alichopewa ni mita zinazosogea sawasawa na anachokifanya, na kiti kinachoinama anapokosea. Hicho kilitosha kumfundisha kitu ambacho angani kingemgharimu maisha. Linganisha na Virtual Boy ya Nintendo ya mwaka 1995, ambayo ilikuwa picha tupu: mistari myekundu ndani ya giza, yenye kina, unaichungulia kwa macho mawili. Ukigeuza kichwa, hakuna kilichobadilika. Watu walilalamikia kuumwa kichwa na shingo, na haikuchukua muda ikaondolewa sokoni.

Profesa Mel Slater, mtafiti ambaye amefanya kazi na uhalisia pepe, yaani VR, kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2009 kwamba kuna hisia mbili zinazomfanya mtu ajione yumo ndani. Moja ni kujiona upo mahali pale. Nyingine ni kuamini kwamba yanayotukia pale yanatukia kweli. Ya kwanza huja dunia ya gemu inaposogea jinsi mwili wako unavyosogea: ukiinama, unaona chini ya meza. Ya pili huja dunia ile inapokujibu kwa namna yenye maana: ukigonga mti, gari linaharibika upande uliogongwa na linaanza kuvuta kushoto. Miwani husaidia sana ile ya kwanza. Ya pili hainunuliwi na miwani. Inatokana na hesabu zilizo ndani ya programu na vifaa vinavyozifikisha kwenye mwili wako. Na kwa mtu anayetaka kujifunza, au kurudi kesho kucheza tena, hiyo ya pili ndiyo yenye uzito.

Nikueleze usukani unafanya nini, maana hapa ndipo penye utamu wenyewe.

Gari halisi linapopinda, matairi ya mbele yanapambana kurudi kwenye mstari ulionyooka. Mapambano hayo unayapata mikononi kama uzito. Ukiongeza mwendo, uzito unaongezeka. Lakini tairi linapokaribia kuteleza, na kabla halijateleza kabisa, uzito ule unaanza kupungua; usukani unakuwa mwepesi ghafla. Dereva mzoefu anaachia mafuta papo hapo, hata kabla jicho halijaona kwamba gari linatoka nje ya mstari. Ukimuuliza amejuaje, atakwambia amehisi tu. Usukani mzuri wa gemu una mota ndani yake, na kazi ya mota hiyo ni kukuletea habari ile ile. Programu inapiga hesabu za tairi mara mamia kwa sekunde (iRacing, gemu ya mbio iliyoanza mwaka 2008, inafanya hivyo mara 360 kila sekunde), kisha mota inavuta au inalegeza. Kontrola ya kawaida inatetemeka. Mtetemo unakuambia kuna jambo, haukuambii ni jambo gani wala la upande upi. Kontrola za PlayStation 5 zimepiga hatua, vitufe vyake vya vidole vinaweza kukaza, lakini bado ni vidole viwili tu vinavyofanya kazi ya mwili mzima.

Breki ni muhimu kuliko usukani, na wanunuzi wengi hawaiulizii. Kwenye gari la kweli mguu haukumbuki pedali imeshuka sentimita ngapi. Unakumbuka umekandamiza kwa nguvu kiasi gani. Pedali za bei ndogo zinapima umbali. Pedali za bei kubwa zinapima nguvu. Tofauti hiyo utaiona kwa mtu yule yule siku ile ile: akipewa pedali inayopima nguvu, anaanza kusimama mahali pamoja kila mzunguko. Zipo za katikati, kama zile zinazokuja na usukani wa Logitech G29, ambazo zimetiwa kipande cha mpira chini ya breki ili mguu ukutane na ukinzani. Kwa chumba chako hizo zinatosha kabisa.

Niliwahi kumkalisha kwenye kiti cha namna hii dereva wa kamunye, basi dogo la abiria, mzoefu wa barabara ya Masaka. Nilitegemea aendeshe vizuri kuliko vijana wote waliokuwepo. Kona ya kwanza aliingia kwa mwendo mkubwa mno akatoka nje, ya pili vilevile. Nikawa namtazama usoni badala ya kutazama skrini. Kabla ya kila kona alikuwa akirusha jicho kushoto, mahali ambapo pangekuwa na kioo cha pembeni, na hapakuwa na kitu. Halafu mwili wake ulikuwa unasubiri kusukumwa mbele anapokanyaga breki, msukumo haukuja, akadhani breki haijashika. Hakuwa dereva mbaya hata kidogo. Alikuwa amenyang'anywa habari mbili ambazo amezitegemea maisha yake yote.

Nilisogeza skrini karibu, nyuma tu ya usukani, kisha nikarekebisha upana wa mwono ndani ya gemu, yaani sehemu ya dunia ya gemu inayoonyeshwa kwenye skrini. Hilo la upana wa mwono andika mahali usilisahau, kwa sababu halina gharama. Skrini ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi. Ukikaa sentimita 70 kutoka kwenye kioo chake, inajaza nyuzi 54 tu za macho yako. Gemu nyingi zinabana nyuzi nyingi kuliko hizo kwenye kioo hicho hicho ili uone zaidi, na matokeo yake kona zinaonekana ziko mbali na mwendo unaonekana tofauti na ulivyo. Weka nyuzi zilingane na kioo chako. Utaona kidogo pembeni, lakini utakachoona kitakuwa kweli. Yule dereva alipopata hiyo, pamoja na kuanza kusikiliza mlio wa injini badala ya kusubiri msukumo, hakuchukua muda akatulia. Vijana walioanza kwa kumcheka wakaishia kumuuliza anashika vipi mstari.

Kwamba ujuzi wa kwenye kiti unaweza kuvuka kwenda barabarani, kuna ushahidi wa wazi. Mwaka 2008 Sony na Nissan walianzisha GT Academy, mashindano ambamo wachezaji bora wa Gran Turismo, gemu ya mbio za magari, walichukuliwa na kufundishwa magari halisi ya mbio. Mshindi wa kwanza, Mhispania Lucas Ordóñez, mwaka 2011 alimaliza wa pili katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Lakini usiwaambie vijana wako nusu ya habari hiyo. Hakutoka kwenye kochi akaingia Le Mans. Alipita kwenye mafunzo marefu ya magari ya kweli, kwa sababu kuna mambo ambayo hakuna simuleta (mtambo wa kuiga uendeshaji) ya nyumbani inayoyagusa: joto la ndani ya gari, shingo inayovutwa, na hofu. Hofu ndiyo kubwa. Ukikosea kwenye gemu unabonyeza kitufe unaanza upya, na mkono ukizoea hivyo unajifunza uzembe. Kwa hiyo weka sheria kwenye kiti chako: aliyegonga haanzi upya, anamaliza mzunguko na gari lake bovu au anampisha mwenzake. Sheria hiyo moja itafundisha kuliko vifaa vya milioni nyingi. Na nakusihi, usimruhusu kijana yeyote aamini kwamba kiti chako kimemfundisha kuendesha. Kimemfundisha kusoma usukani. Barabara ya Karuma ina malori, mbuzi na watu.

Turudi kwenye miwani. Siipingi. Mtu anapovaa miwani nzuri kwa mara ya kwanza, akasimama ukingoni mwa jengo refu la kompyuta na magoti yakamlegea ingawa anajua fika amesimama kwenye saruji ya chumba chako, hapo unaona kitu cha ajabu kuhusu akili ya binadamu. Nguvu hiyo inatumika hata hospitalini. Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kilitengeneza SnowWorld, dunia ya theluji na barafu ambamo mgonjwa wa majeraha ya moto anarusha mabonge ya theluji wakati vidonda vyake vinasafishwa, na wagonjwa walisema maumivu yamepungua. Akili ikivutwa kwa nguvu kwenda kwingine, inabakiwa na nafasi ndogo ya kusikiliza maumivu. Kwangu hiyo ni moja ya kazi bora kabisa ambazo teknolojia ya gemu imewahi kufanya.

Ila kwenye chumba chako kuna mambo ya kukabili. Kwanza ni kichefuchefu. Sikio la ndani ndilo linalopima mwendo wa mwili. Macho yakisema tunakimbia na sikio likasema tumekaa, mwili unachafuka: jasho jembamba, mate kujaa mdomoni, kisha kutapika. Mambo mawili huzidisha tatizo. Moja ni picha inayochelewa. Kati ya kugeuza kichwa na picha kugeuka, wataalamu wanalenga muda usiozidi milisekunde 20, na picha 72 hadi 90 kwa sekunde au zaidi. La pili ni aina ya gemu. Gemu kama Beat Saber, ambamo unasimama mahali pako ukikata vibonge kwa mikono, hazisumbui wengi, kwa sababu macho na mwili vinasema kitu kimoja. Gemu za kukimbia kwa kusukuma kidole huku umesimama, na hata za magari, huwaangusha wageni wengi. Ukinunua miwani, mgeni aanze na zile za kwanza, dakika tano, akiwa hajatoka kushiba. Akianza kunyamaza na kumeza mate, mvue hapo hapo usisubiri. Anayeng'ang'ania hazoei upesi. Mara nyingi anaichukia miwani moja kwa moja.

La pili ni usafi. Miwani moja usoni kwa watu ishirini wenye jasho, kwenye joto la Arua, si jambo la kulichukulia kirahisi. Unakumbuka mlipuko wa macho mekundu ulioenea Uganda mwaka 2024. Tafuta kifuniko cha silikoni cha kuoshwa, uwe nacho zaidi ya kimoja, futa kila anapovua mtu, na mwenye jicho jekundu asivae hata akilipa mara mbili. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, bila spiriti. Na usiiache miwani juani wala karibu na dirisha lenzi zikiwa zimeelekea nje. Lenzi zile zinakusanya mwanga wa jua kuwa nukta moja, na nukta hiyo inaunguza skrini ya ndani kwa dakika chache. Wamenijia watu na miwani mipya yenye doa la njano katikati, na hakuna fundi anayeliondoa doa hilo.

La tatu ni biashara yenyewe, na nadhani hili ndilo litakaloamua. Chumba chako kinaishi kwa kelele. Mechi moja ina wachezaji wawili wanaolipa na kundi la watazamaji wanaopiga mayowe, na kati ya hao ndiko wanakotoka wachezaji wa mechi inayofuata. Miwani inamfungia mtu mmoja peke yake. Wengine wanaona mtu anayepapasa hewa. Utalazimika kurusha picha yake kwenye televisheni ili wengine waone, utahitaji nafasi ya mita mbili kwa mbili isiyo na kiti wala ukuta wa karibu, na dakika kumi zake zinaingiza hela ya mtu mmoja ambapo mpira ungeingiza ya wawili. Usukani ni kinyume. Aliyekaa kwenye kiti anatazamwa na kila mtu, kona inashangiliwa, na muda bora wa siku ukiandikwa ubaoni kwa chaki, kesho kuna anayekuja kuufuta. Miwani ya Meta Quest 3S ilitoka mwaka 2024 kwa dola 299, zaidi ya shilingi milioni moja zetu kabla ya usafiri na kodi. Usukani wa daraja la kati unakaribiana na bei hiyo, lakini unatumika na PlayStation 4 ulizo nazo tayari na unadumu miaka.

Ukinunua usukani, hakikisha muuzaji anakuonyesha kwa macho yako kwamba unakubali PlayStation. G29 inakubali, ndugu yake G920, anayefanana naye sana, ni wa Xbox na kompyuta, na kuna watu wameuziwa huyo kwa kutojua. Kiti usinunue cha dukani. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya bomba la mraba, kisha tafuta kiti cha gari lililochakaa. Pedali zifungwe kwa bolti kwenye fremu ile ile iliyobeba kiti, la sivyo kila anayekanyaga breki kwa nguvu atajisukuma nyuma na pedali itakimbia. Kiti cha ofisi chenye magurudumu hakifai kabisa. Na kuna hatari moja ndogo: umeme ukikatika na kurudi, usukani unajizungusha wenyewe kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho ili kujipima upya, kwa nguvu. Vidole vya mtoto visiwepo kati ya mikono ya usukani wakati huo. UPS, kifaa kinachoshikilia umeme unapokatika, itakusaidia kwa hilo, tena itailinda PlayStation.

Kuhusu gemu za kuweka, epuka kwa sasa zinazodai intaneti muda wote. Gran Turismo 7 ni nzuri, lakini sehemu yake kubwa haifunguki bila mtandao. Machi 2022 seva zake zilipozimwa kwa zaidi ya siku nzima, wachezaji wa dunia nzima walibaki wanaitazama. Assetto Corsa haina tatizo hilo, na hesabu zake za tairi ni za kuaminika. Ukiweza kupata diski ya WRC 9 ya mwaka 2020, ichukue: ina njia za Safari Rally ya Kenya, vumbi na mashimo kama tunayoyajua. Vijana wako wanapaswa kujua kwamba mbio hizo zilipoanza mwaka 1953 zilipita Uganda pia, pamoja na Kenya na Tanganyika. Na kwa wale wasio na hela ya kiti, simu zao zina Bus Simulator Indonesia. Indonesia wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na mchezaji anaweza kulipaka basi rangi na maandishi anayotaka, ndiyo maana utaona vijana wa Afrika Mashariki wakiendesha humo mabasi ya kwao. Usiidharau kwa kuwa ni ya simu. Kijana anayechora basi la njia ya Arua–Kampala, kisha akaliendesha kwa kufuata taa, vioo na vituo, tayari yumo ndani kuliko aliyevaa miwani ya milioni akirusha mawe.

Wazazi wajibu kwa ukweli, usiwaahidi makubwa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na daktari James Rosser na wenzake juu ya madaktari wapasuaji 33: waliokuwa wakicheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37 na kumaliza haraka kwa asilimia 27 kwenye mazoezi ya upasuaji wa tundu dogo, ule unaofanywa kwa kutazama skrini. Ni habari nzuri, lakini inaonyesha vitu viwili vinakwenda pamoja. Haithibitishi kwamba gemu ndizo zilizowapa mikono hiyo. Huenda wenye mikono myepesi ndio wanaopenda gemu. Ninachoweza kusema bila wasiwasi ni hiki: simuleta inafundisha kile inachoiga kwa ukweli, na haifundishi kingine. Ya gari haitamfundisha mtoto hesabu za shule. Kwa hiyo watoto wa shule wasiingie saa za masomo, na uliandike hilo mlangoni. Kwa miwani kuna umri pia. Sony iliweka miaka 12 kwa PlayStation VR. Meta ilikuwa miaka 13, kisha mwaka 2023 ikashusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Wewe huwezi kusimamia kama mzazi, basi shika 13. Na yeyote aliyewahi kupatwa na kifafa asivae, na wote waulizwe kabla ya kuvaa, faragha.

Sasa mpwa wako. Huyu ndiye mwenye faida kubwa kuliko wote uliowataja, na hahitaji miwani wala akiba yako yote. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 inapendeza kwa sababu inachora dunia nzima kutokana na picha za setilaiti, lakini picha hizo zinavutwa kwenye intaneti unaporuka, na bando litaisha kabla hajatua. FlightGear ni ya bure, imekuwepo tangu miaka ya 1990, na ukishaipakua pamoja na ramani za huku kwetu inafanya kazi bila mtandao. X-Plane ni ya kulipia, na inasifika kwa hesabu zake za hewa inavyopita kwenye bawa. Kompyuta ya wastani na kijiti cha kurushia cha bei ndogo vinamtosha kuanzia.

Asianze na Airbus, ndege kubwa ya abiria. Awe na Cessna 172, injini moja, na mpe zoezi hili: ajaze mafuta kiasi fulani, aondoke Mombasa, karibu na usawa wa bahari, na aandike ametumia urefu gani wa njia ya kurukia kabla ya magurudumu kuinuka. Kisha afanye vivyo hivyo Entebbe, zaidi ya mita 1,100 juu, kisha Nairobi, mita 1,600. Uzito ule ule, ndege ile ile, joto lile lile. Atakuta njia inarefuka kila anapopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi, bawa linashika kidogo na injini inapumua kwa shida. Chuo cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi zetu zote tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, kiko kwenye mwinuko wa karibu sawa na Entebbe, na jambo hilo atakutana nalo kila asubuhi ya mafunzo. Aandike kila safari kwenye daftari, asome orodha ya ukaguzi kwa sauti kabla ya kuwasha, na siku nyingine aweke mawingu mazito arudi kwa mita tu, kama wanafunzi wa Link.

Saa hizo hazitahesabiwa kwenye leseni yake. Saa zinazohesabiwa ni za mitambo iliyoidhinishwa na mamlaka, na ile mikubwa ya mashirika ya ndege, inayosimama kwenye miguu inayosogea, inagharimu mamilioni ya dola. Humo rubani mwenye uzoefu anaweza kujifunza aina mpya ya ndege hadi mwisho kabla hajaigusa yenyewe. Ya nyumbani haimpi hisia za kutua, na mkufunzi wake atalazimika kumwondolea tabia moja ambayo wanafunzi wa simuleta huwa nayo: kukodolea mita macho wakati anga liko wazi mbele yao. Mwambie mapema, azoee kuinua macho. Mengine ataingia darasani akiwa anayajua: majina, mpangilio, lugha ya redio, na kwa nini ndege inakataa kupanda. Saa ya ndege halisi ni ghali mno kutumika kumweleza mtu mita ya mwinuko iko wapi.

Ukipata fundi wa kuchomelea, nitumie urefu wa kijana wako mrefu kuliko wote na wa mfupi kuliko wote, nikupe vipimo vya reli ya kiti.